Shangazi, tumlilieje mwenzetu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwaka jana mwenzetu alivamiwa na kundi la vijana usiku akitoka kazini, kwa sababu walijua anapenda wanaume. Siku ya tatu akafariki. Kwao wakatangaza ni ajali ya pikipiki, wakamzika harakaharaka, na sisi marafiki tukazuiwa getini. Alikuwa fundi cherehani. Nimebaki na futi kamba yake ya njano, namba za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Mwaka unakaribia kutimia. Wengine wanataka tubebe picha yake barabarani, wengine wanasema tunyamaze, marehemu apumzike. Hivi kukumbuka kunasaidia nini? – N.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nakwama pale getini. Ninyi mlionyimwa hata konzi moja ya udongo, msiba wenu haujaanza, seuze kwisha.

Wapo waliopita njia hiyo. Januari 26, 2011, David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda, aliuawa nyumbani kwake Mukono. Miezi michache nyuma gazeti moja lilikuwa limechapisha picha yake likitaka watu kama yeye wanyongwe. Yeye na wenzake wawili wakalishtaki, wakashinda. Siku ya mazishi mhubiri alishika kipaza sauti akaanza kuwalaani mashoga mbele ya jeneza. Wenzake Kato wakampokonya. Wanakijiji wakagoma kulibeba jeneza. Basi marafiki, wamevaa fulana zenye sura yake, wakalibeba wenyewe, na Askofu Christopher Senyonjo, aliyekwisha kutengwa na kanisa lake, akamwombea kaburini. Mimi naamini siku ile watu waliozoea kujificha kila mtu kivyake walijijua kuwa ni ukoo.

Aliyemuua Kato alifungwa miaka 30. Polisi walisema haikuwa chuki, na wenzake wengi hawakuridhika. Kwa hiyo, ile hadithi ya pikipiki isikuvunje moyo. Andikeni mnayoyajua: nani alikuwepo, saa ngapi, alisema nini mwenyewe zile siku tatu akiwa hai. Msitie chumvi hata kidogo, maana mkikamatwa na uongo mmoja, hata la kweli litatupwa.

Kuhusu picha barabarani, mimi nipo upande wa wanaosita. Oktoba 1998 huko Laramie, Wyoming, nchini Marekani, Matthew Shepard, mwanafunzi wa miaka 21, alipigwa, akafungwa kwenye uzio, akaachwa usiku wa baridi. Mwendesha baiskeli aliyemkuta alidhani ni sanamu ya kutishia ndege. Alifariki tarehe 12. Watu waliwasha mishumaa miji mingi, lakini kwenye mazishi yake wakaja wengine na mabango ya kumtukana, na wazazi wake, Judy na Dennis, wakahofia kaburi lake litanajisiwa. Walikaa na majivu ya mtoto wao miaka 20, hadi Oktoba 26, 2018 yalipowekwa katika Kanisa Kuu la Taifa mjini Washington. Nani atawaita waoga? Miaka hiyo yote hawakulala. Mwaka 2009 Rais Obama alitia saini sheria dhidi ya uhalifu wa chuki yenye jina la Matthew na la James Byrd Jr., mwanamume mweusi aliyeuawa na wabaguzi Texas mwaka uleule wa 1998. Umeniuliza kukumbuka kunasaidia nini. Kulisaidia hivyo, kwa mwendo wa miaka 11.

Basi kaeni ndani, kwa mtu mnayemwamini. Picha msizisambaze, hasa zile ambazo mmo na ninyi. Waliompiga wangali wanatembea. Na mama yake? Hukumtaja. Mara nyingi uamuzi wa getini huwa si wa mama. Mmoja wenu anayemfahamu ampigie simu, amjulie hali, asimdai lolote.

Nina ombi moja pia: msianze na kipigo. Eudy Simelane wa KwaThema, Afrika Kusini, aliuawa Aprili 2008, na aliyotendewa siyarudii hapa. Alikuwa kiungo wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu, alifundisha timu za mtaani, na hakumficha mtu kwamba anapenda wanawake. Mtaani kwao kuna daraja dogo lenye jina lake. Mtoto akiuliza Eudy alikuwa nani, jibu la kwanza ni mpira.

Mwenzenu alikuwa fundi. Siku hiyo kila mtu aje amevaa alichoshonewa naye, hata kama hakimtoshi tena. Ile futi kamba ipite mkono kwa mkono, na anayeishika aseme alipimwa lini, kwa ajili ya nguo gani, na fundi alimwambia nini akiwa na pini mdomoni. Mmoja aandike. Hayo ndiyo waliyotaka kuyazika pamoja naye.

Halafu niandikie tena, mwanangu. Barua yako haikusema wewe alikushonea nini.