Maswali na majibu: "Noon" ni saa tisa

Swali: Neno la Kiingereza "noon" asili yake ni nini? (Mwanafunzi, Tabora)

Asili yake ni saa tisa. Saa tisa hiihii yetu ya alasiri. Warumi waliugawa mchana mafungu 12, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na fungu la tisa wakaliita nona hora, yaani saa ya tisa. Watawa wa Kikristo wakaweka sala yao wakati huo, wakaiita Nona. Waingereza wa kale wakalichukua neno hilo, nalo lilikuwa na maana ya alasiri, jua limeshapinda. Hadi kufika karne ya 14 lilikuwa limekwisha kusogea mpaka adhuhuri. Sababu inayotajwa zaidi ni chakula: siku za mfungo mtawa hakutia kitu kinywani mpaka Nona isaliwe, basi sala ikawa inawahishwa, na jina likaifuata. Kwa hiyo Mwingereza anayekwambia "noon" anatamka tisa huku jua liko utosini.

Swali: Je, "noon" limetokana na "moon", mwezi? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Kufanana kwa sauti si ujamaa.

Swali: Na "siesta" je? (Msomaji, Tanga)

Hilo ni ndugu yake. Limetoka sexta, saa ya sita, na Wahispania wamelibakiza palepale: usingizi wa saa sita mchana.

Swali: Kwa nini sisi Waswahili tunahesabu saa kinyume? (Wengi, kila mwezi)

Ndugu zangu, hili nimelijibu hata kalamu imechoka, na bado barua zinakuja na neno hilohilo, "kinyume". Kinyume cha nini? Fungueni Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Mtoto wa Bagamoyo anaelewa papo hapo kwamba yule wa mwisho amefanya kazi saa moja tu, jua likazama. Mtoto wa London lazima afafanuliwe. Waethiopia nao wanahesabu kama sisi.

Tena hesabu hii inatufaa kuliko ilivyowafaa Warumi wenyewe. Huko Roma mchana wa kipupwe ni kama saa 9 na wa kiangazi ni kama 15, kwa hiyo saa yao ilikuwa inanywea na kutanuka: dakika 45 msimu huu, 75 msimu ule. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua haliendi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Inaniuma kuona walimu wanawafundisha watoto kuuonea haya utaratibu huu.

Ila mwangalie tiketi. Mpwa wangu alikata ya basi la Mbeya, imeandikwa 06:00. Akafika stendi saa sita kasorobo, jua kali, begi kichwani. Basi lilikwisha kuondoka alfajiri. Namba ya tiketi ni ya Kizungu. Isomeni kwa kuruka sita.

Swali: Saa sita kamili mchana ni a.m. au p.m.? (Karani, Nakuru)

Si hii wala ile. Ile m ni meridies, adhuhuri yenyewe. A ni kabla yake na p ni baada yake. Andika "saa 6:00 mchana" umalize. Na tafadhali, wachapaji wa kadi za harusi: hakuna "saa 12 mchana". Saa 12 ni ya asubuhi au ya jioni.

Swali: Tangazo la kazi linasema mwisho wa maombi ni "saa 6 usiku wa Ijumaa". Ni usiku upi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa mzee wa pwani, usiku wa Ijumaa unaanza Alhamisi jua likizama, kwa sababu usiku hutangulia mchana wake. Kwa karani wa ofisini pengine ni Ijumaa yenyewe, baada ya chakula cha jioni. Aliyeandika tangazo alipaswa kutaja tarehe, au kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa" kama ndiyo nia yake. Wewe usibishane naye. Tuma Alhamisi, kabla ya magharibi.