"Mwili wa roho" ni mwili gani?

SWALI: Kwenye mazishi tulisomewa 1 Wakorintho 15:44: "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho." Baadaye tukabishana. Mmoja wetu alishikilia kuwa mwili wa roho ni roho tupu, maana mwili na roho vinapingana. Mwingine akauliza, kama ni hivyo, neno "mwili" linatafuta nini pale? Je, si afadhali tuseme "mwili wa kiroho"? Na Yesu alifufuka au alifufuliwa?

JIBU: Ndugu msomaji, ubishi wenu umetokana na silabi moja, ile "wa".

Kiunganishi hiki kina kazi nyingi mno. Kikombe cha udongo kimefinyangwa kwa udongo. Kikombe cha chai hakikufinyangwa kwa chai. Kikombe cha mama wala hakikutokana na mama wala hakikusudiwi kumtia mama ndani. Umbo ni lile lile, na msikilizaji ndiye anayepambanua kwa kuujua ulimwengu. Kwa vikombe hatukosei, kwa kuwa tumevishika. Mwili wa ufufuo hatujaushika, kwa hiyo kila mmoja anasikia "wa" anayoipenda. Mwenzenu wa kwanza alisikia "wa" ya udongo.

Paulo hakuisema hiyo. Kigiriki chake kina maneno soma psychikon ("mwili wa asili") upande mmoja na soma pneumatikon ("mwili wa roho") upande wa pili. Mwishilio huo wa -ikos kwa kawaida hueleza sifa au mwelekeo wa kitu; kwa malighafi Kigiriki kilikuwa na mwishilio mwingine, -inos. Tena tazama neno la kwanza: psychikon limetokana na psyche, yaani nafsi. Kama mwili wa roho umetengenezwa kwa roho, basi huu tulio nao leo, unaochubuka na kuumwa na meno, ungekuwa umetengenezwa kwa nafsi. Sijawahi kusikia mtu akidai hivyo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, umo katika Kiswahili chenyewe. Fungueni Biblia ya Union, tafsiri ile ile mliyosomewa mazishini, barua ile ile, sura ya 2. Kwenye mstari wa 14 mnakutana na "mwanadamu wa tabia ya asili", na kwenye wa 15 "mtu wa rohoni". Maneno ya Kigiriki ni yale yale mawili ya sura ya 15. Na mtu wa rohoni ni nani? Ni mtu kamili, mwenye mbavu na magoti, anayeongozwa na Roho wa Mungu. Watafsiri wangeandika "mwili wa rohoni" kwenye sura ya 15, huenda msingebishana.

Lakini mzizi wa tatizo uko kwenye neno "mwili" lenyewe. Kigiriki kina soma, kiwiliwili cha mtu au mtu mzima katika umbo lake, na kina sarx, nyama, ambayo Paulo mara nyingi huitumia kwa ubinadamu dhaifu unaoasi. Sisi mara nyingi tumeyafunika yote mawili kwa neno moja. Wagalatia 5:17 inasema "mwili hutamani ukishindana na Roho": hapo ni sarx. Mkristo anayesikia mstari huo mara kwa mara anakua akiamini mwili na roho ni mahasimu, kisha anafika 1 Wakorintho 15 na kukuta "mwili wa roho". Atafanyaje? Anaufuta mwili, anabaki na roho. Simlaumu. Lakini katika 15:44 neno ni soma, na soma halina ugomvi na Roho.

Ndiyo maana pia "nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu" (15:50) haimsaidii mwenzenu wa kwanza. Nyama na damu ni msemo wa Kiyahudi wa kumtaja binadamu katika hali yake ya kufa. Katika Mathayo 16:17 msemo huo huo umetafsiriwa "mwili na damu", pale Petro anapoambiwa kwamba si mwili na damu vilivyomfunulia. Hakuna aliyedhani Petro aliambiwa habari za bucha. Na katika Luka 24 wanafunzi wanadhani wanaona roho. Yesu aliyefufuka anawaambia wamshike, "kwa kuwa roho haina nyama na mifupa", kisha anakula samaki mbele yao.

Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliliona jambo hili zamani: roho ikiutumikia mwili huitwa ya kimwili, na mwili ukiitii roho huitwa wa kiroho, bila kugeuka kuwa roho.

Basi "mwili wa kiroho"? Naam, naupendelea. Kiambishi ki- hapa ni cha namna. Mavazi ya kitoto hayakushonwa kwa watoto. "Wa kiroho" inaziba mlango ambao "wa roho" imeuacha wazi, ingawa siku hizi "kiroho" limechujuka kidogo kwa kutumika kwa kila kitu. Anayesoma Union kanisani asiibadilishe kimoyomoyo. Ajue tu "wa" hiyo ni ndugu wa ile ya "mwili wake wa utukufu" (Wafilipi 3:21). Hapo hatuulizi utukufu ulifinyangwaje.

Kabla sijaiacha sura ya 15 ya Wakorintho, soma mstari wa 53 polepole: "sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika." Huu upi? Kigiriki kinasema tu "hiki chenye kuharibika", bila kutaja nomino. Kiswahili, kwa kulazimika kuchagua ngeli, kimechagua U, ngeli ya mwili. Wengi hawaioni hiyo "huu", nami naiona nzito kuliko mahubiri kadhaa niliyoyasikia. Na kitenzi ni kuvaa: avaaye yungali mle ndani ya vazi. Ndiyo imani ya makanisa mengi, kwamba ni mwili huu huu, lakini uliobadilishwa.

Sasa alifufuka au alifufuliwa. Yote mawili ni sahihi. Fufuka ni kauli ya kutendeka, kama vunjika. Inataja lililotokea na kunyamaza kuhusu mtendaji. Kunyamaza si kukana. Fufuliwa inamwachia mtendaji nafasi, na Matendo 2:32 inamtaja waziwazi: "Yesu huyo Mungu alimfufua." Kigiriki cha 1 Wakorintho 15:4 kina umbo la kutendwa, lakini Union imeandika "alifufuka"; ilipofika kwa wafu wengine, mstari wa 52, ikaandika "watafufuliwa". Nahisi watafsiri waliona heshima fulani katika "alifufuka", kana kwamba kaburi halikumweza.

Nomino zinafuata mkondo huo huo: ufufuo hutokana na fufua, ufufuko na fufuka, kama mpasuo na mpasuko. Wakatoliki husali "ufufuko wa miili" katika Kanuni ya Imani ya Mitume. Kilatini cha kanuni hiyo kinasema carnis, yaani wa nyama, neno kali zaidi kuliko letu.

Kiyama nalo ni la Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama, na kwa bahati njema anastasis ya Kigiriki nayo ni kusimama. Union inaandika "kiyama ya wafu". Ukisikia "kiyama cha wafu" usishtuke: ki- yake ni ya mzizi, si kiambishi cha ngeli, lakini sikio la Mswahili hulivuta neno kama lilivyokivuta kitabu, ambacho ki- yake nayo ilikuwa ya mzizi na leo tunasema vitabu. Viyama bado sijavisikia.