Reli ya kijijini kwenye chumba cha futi 10 kwa 8: niliyojifunza baada ya kubomoa mara mbili

Mkuu, nimeiangalia kwa makini plani yako ya modeli ya reli: chumba cha futi 10 kwa 8, reli mbili za kuzunguka, handaki pembeni, stesheni ya njia nne na pointi 11 (pale treni inapobadilishia njia). Unasema unataka mandhari ya kijijini, halafu unauliza uanze na nini. Anza na kifutio. Sikukejeli. Plani kama hiyo niliijenga mwenyewe nikaibomoa, nikajenga nyingine yenye kosa lilelile, nayo nikaibomoa. Hii ya tatu ina miaka sita sasa na bado ipo.

Kosa lenyewe ni kwamba reli imekula shamba lote. Simama kwenye stesheni ndogo yoyote kati ya Muheza na Korogwe uone kilichopo: majani, mkonge, njia ya miguu, mwembe mmoja, mabati ya nyumba mbili tatu, na milima ya Usambara nyuma. Reli imepita tu hapo katikati. Nilikwenda huko na tepu, daftari na simu, nikashinda kutwa nzima. (Omba ruhusa kwa stesheni masta kwanza, usije ukajikuta unamweleza askari kwa nini unapima choo cha stesheni.) Niliporudi nikapitia picha zaidi ya mia. Treni ilikuwamo kwenye picha tatu.

Kwa hiyo stesheni yangu ina pointi tatu basi. Mbili ni za lupu ya kupishania treni, moja ni ya njia ya pembeni ambako behewa huachwa lipakie marobota ya katani. Handaki sina. Wajerumani walioanza kuijenga reli hii Tanga mwaka 1893 waliipitisha miguuni mwa milima badala ya kuipandisha. Walifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kwenye kipande ninachoiga mimi kuna tuta la chini, kalavati, na kona ndefu za polepole. Handaki wengi tunaliweka kwa sababu tumeliona kwenye modeli za Ulaya.

Sasa vipimo. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Ukitumia skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ambayo ndiyo yenye watu, magari na vikorokoro vingi madukani, mita 1 inakuwa milimita 11.5, na reli inayouzwa kwa kazi hiyo ni ya milimita 12. Usinunue ya 16.5 eti kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hiyo ni ya reli pana, na kila atakayeitazama ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hajui ni nini. Ukuta wako wa futi 10, kwa skeli hiyo, ni kama mita 265 za kweli. Lupu halisi haiingii hapo, hata usijisumbue. Yangu ina sentimita 110, inameza kichwa kidogo na mabehewa manne, na haijawahi kumkera mtu.

Chumba chako kina bahati usiyoijua. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4. Mwambie fundi aipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Kimoja kiweke kwenye ukuta wa futi 8, kinajaa wote. Cha pili kiunge na kile pembeni kwa ukuta wa futi 10, nacho kinafika mwisho: 2 na 8 ni 10. Unapata herufi L kwa plaiwudi moja, na katikati ya chumba panabaki pa kuweka kiti. Kwenye pembe usipinde reli kwa nusu kipenyo cha chini ya sentimita 45, la sivyo mabehewa marefu yatakwaruzana. Futi tatu nne za mwisho za mkono mmoja zifiche nyuma ya pazia. Huko ndiko treni "inakokwenda" Tanga na "inakotoka" Moshi, na unaibadilisha kwa mkono. Pazia langu ni kanga ya mama watoto, na jina la kanga hiyo sitalitaja hapa.

Meza iinue. Ya kwanza niliiweka kimo cha meza ya chakula, nikawa naangalia kijiji kama niko kwenye helikopta. Sasa iko sentimita 125 kutoka sakafuni, ukikaa kwenye stuli macho yako yanalingana na ya mtu aliyesimama kando ya reli. Kwa badiliko hilo moja uwanda wa sentimita 60 ukaonekana kama kilomita. Miguu ya meza ipake oili chafu na uisimamishe kwenye vikopo. Mchwa hawajui kwamba hiyo ni hobi.

Vichwa vya treni nitavipitia haraka. Watu wengi wakisikia reli ya Afrika Mashariki wanataka Garratt ya daraja la 59, kile kichwa kikubwa cha mvuke kilichotengenezwa na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, chenye uzito wa tani 252. Ni mashine ya kutisha, nenda ukaione Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Lakini ilikuwa ya mizigo mizito ya njia ya Mombasa, na kwa skeli yetu ina sentimita 36 peke yake. Itaifanya stesheni yako ionekane kama kibanda cha njiwa. Mimi nilichukua chesisi iliyotumika ya skeli ya TT, yaani 1:120. Skeli hiyo nayo hutembea kwenye reli ya milimita 12, kwa hiyo magurudumu yanakaa sawasawa, na vifaa vyake ni nafuu kuliko vya reli za milimani za Uswisi ambazo nazo ni za mita 1. Juu yake nikajenga bodi ya kadibodi ngumu, kichwa kidogo cha dizeli cha rangi ya maruni. Hakiigi daraja lolote la kweli na sijidai kwamba kinaiga.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako wewe hukuandika hata mstari mmoja.

Udongo tumia wa hukohuko. Nilibeba kilo mbili za udongo mwekundu kwenye mfuko wa rambo. Ukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu, dakika 20, kuua mayai ya wadudu. Kisha uchuje mara mbili, kwanza kwa kipande cha neti ya mbu, halafu kwa chujio la chai. Halafu pitisha sumaku ndani yake, na hapa usifanye mzaha. Udongo mwekundu una chembe za chuma, na mota ndogo ina sumaku: chembe zinaruka, zinaingia ndani, mota inasaga mpaka inakufa. Nilipoteza moja hivyo. Ukishamwaga udongo, lowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni gundi inakaa juu kama matone ya mvua kwenye jani la mgomba. Ukikauka udongo unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo nyunyiza safu ya pili kavu, nyembamba, bila gundi nyingi. Na usije ukatumia uji wa ngano kama gundi. Nilitumia kwenye modeli ya pili, na asubuhi moja nikakuta mende wamekula nusu ya kilima.

Mataruma, yaani vile vipande vya kulalia reli, kwenye reli za kununua ni ya mbao za kahawia. Yetu mengi ni ya chuma, yamepata kutu. Niliyapaka rangi ya kutu iliyofifia, nikajaza udongo na kokoto laini mpaka yakabaki kuonekana migongo tu. Njia ya pembeni nikaiachia majani hadi katikati. Reli yenyewe nunua ya aloi ya nikeli. Mara ya kwanza niliuziwa ya chuma kwa bei ya kutupa, na hewa ya chumvi ya Tanga ikaimaliza kwa msimu mmoja wa masika.

Majani: tumia katani. Uzi mmoja wa katani una unene wa kama milimita 0.2, ambao kwa skeli yetu ni karibu sentimita 2 za kweli. Kwa majani mafupi ni mnene mno, lakini kwa matete na majani marefu ya kando ya tuta hakuna kitu cha dukani kinachoufikia. Chana kwa kitana, kata sentimita 1, simamisha kifungu kwenye tone la gundi, kikikauka kifumue kwa kidole. Rangi yake ya asili ni kiangazi chenyewe, Januari au Februari. Ukitaka ya masika, chovya kwenye rangi ya chakula ya kijani iliyopozwa kwa chai ya rangi. Lile vumbi linaloanguka ukichana usilitupe, hilo ndilo jani fupi la uwanjani.

Halafu mkonge wenyewe. Mmea huu ulikuja nchini mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza, kupitia Dokta Richard Hindorf aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Mimi nami nilipanga kutengeneza 1,000 nikaishia 340, kwa hiyo nimemshinda. Kila mche ni karatasi tatu zilizokatwa kama nyota, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, ncha zikakunjwa juu kwa msumari, zikabandikwa moja juu ya nyingine. Upana ni milimita 20 kwa mche mkubwa. Rangi isiwe kijani kibichi, iwe ya kijivu yenye kijani, isiyong'aa. Binti yangu alinisaidia 200 za kwanza kwa malipo ya aiskrimu, kisha akagoma. Mkonge hupandwa kwa mistari miwili miwili iliyokaribiana, halafu nafasi pana ya kupita wakataji, kwa hiyo vuta uzi ndipo ubandike. Mistari ikipinda hata kidogo, shamba linageuka kichaka. Kadiri unavyokwenda nyuma, punguza ukubwa wa miche hadi milimita 8, na mistari ikaribiane. Nyuma kabisa niliweka paa la korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kwa sababu mashamba ya mkonge bila korona hayana anayeyaamini.

Paa hilo ndilo ninalojivunia. Mabati ya migongo ya kawaida yana milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, sawa na 0.87 kwa skeli yetu. Bolti ya M5 ina nyuzi zenye nafasi ya milimita 0.8. Tandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni juu ya kitabu laini, viringisha bolti ndefu juu yake ukikandamiza, na mabati yametoka. Ila kwa kuwa nyuzi za bolti zinazunguka kama ngazi ya mnara, mistari inakuja imeinama digrii tatu hivi. Usihangaike kuinyoosha. Kata mabati yako kwa kufuata mistari, wala usifuate ukingo wa karatasi. Mimi niliezeka nyumba mbili kabla ya kugundua, nazo bado zinaonekana kama zimepigwa na kimbunga.

Milima ya Usambara niliichora kwenye hadibodi iliyopindwa pembeni ili kona ya chumba isionekane. Niliirudia mara nne. Kila mara ilikuwa kijani mno. Milima ya mbali ni ya bluu yenye maziwa, na mstari wake uwe chini kuliko unavyodhani. Taa weka upande mmoja tu, wa magharibi. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, saa sita mchana kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe na kila kitu kinakuwa bapa. Nimechagua saa kumi na moja alasiri, na vivuli vya mkonge vinalala kwenye udongo.

Watu wa kununua wamevaa makoti na kofia za Ulaya. Kata kofia, kwaruza koti, funga kanga ya karatasi ya kufutia mikono iliyochovywa gundi. Weka wachache. Mimi nina 14, na 9 kati yao wamekaa chini ya mwembe.

Umeuliza pia kuhusu umeme. Adapta ya volti 12 na kidhibiti kidogo cha mwendo vinatosha kabisa kwa treni moja. Mifumo ya kidijitali iache kwanza, fedha hiyo nunulia reli nzuri.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuja kuiona. Nikampisha kiti, nikaendesha treni iingie lupu taratibu, ikasimama. Akatazama kimya muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hapo kwenye pointi pana majani mengi. Genge la njia lingefukuzwa kazi." Nikamjibu shikamoo nyingine kwa aibu, nikachukua mkasi. Kwa hiyo majani jaza, lakini mita mbili tatu (kwa skeli) za pointi ziache safi.

Tupia hapa kipimo cha mlango wako na unafungukia upande gani kabla hujampeleka fundi plaiwudi. Ukifungukia ndani kwenye ukuta ule wa futi 8, L yote inabidi igeuzwe.