Maswali ya Wasomaji: Nyumba Ni Ileile, Mbona Kodi ya Majengo Imepanda?

Swali: Nyumba yangu sijaigusa kwa miaka sita, hata rangi sijapaka upya. Mwaka huu bili ya kodi ya majengo imekuja kubwa kuliko ya mwaka jana. Ongezeko hili limetoka wapi?

Jibu: Pale kodi inapotozwa kwa kufuata thamani, bili hutokana na namba mbili zinazozidishwa: thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye daftari la uthamini, na kiwango cha kodi. Chukua bili ya mwaka jana na ya mwaka huu, uzilaze pamoja mezani, utazame ni namba ipi iliyosogea.

Kama ni thamani, ujue kwamba mthamini kwa kawaida hahesabu ulichotumia kujenga. Anakadiria bei ambayo nyumba ingeuzwa katika tarehe maalumu ya uthamini. Nyumba za mtaani kwako zikiuzwa ghali, yako nayo hupandishwa, ingawa hujagonga hata msumari.

Lakini thamani kupanda si lazima kodi ipande, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika baadhi ya manispaa kiwango hupatikana kwa kugawanya fedha zinazohitajika na bajeti kwa jumla ya thamani ya majengo yote. Tuseme bajeti inahitaji 500,000,000 na majengo yote yana thamani ya 100,000,000,000. Kiwango ni asilimia 0.5, yaani 5 kwa kila 1,000. Nyumba ya 60,000,000 italipa 300,000. Mwaka unaofuata majengo yote yanapanda kwa asilimia 20, bajeti haibadiliki. Nyumba hiyo sasa ni 72,000,000, ila kiwango kimeshuka hadi karibu asilimia 0.417, na kodi inabaki 300,000. Kama yenyewe imepandishwa kwa asilimia 50, hadi 90,000,000, italipa 375,000. Ikipanda kwa asilimia 10 tu, italipa 275,000. Kinachokuumiza ni kupandishwa kuliko wenzako, au bajeti yenyewe kukua.

Kuna miji ambako kiwango kimewekwa na sheria na hakishuki thamani zikipanda. Huko, kwa asilimia 0.5 ileile, 72,000,000 inalipa 360,000.

Swali: Nataka kuweka pingamizi. Niandike nini ili nisikilizwe?

Jibu: Usiandike kwamba kodi ni kubwa au kwamba kipato chako ni kidogo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini wanaosikiliza pingamizi la uthamini hawana mamlaka ya kupunguza kiwango wala kupima mfuko wako. Wanachoamua ni kama thamani iliyoandikwa ni sahihi. Kiwango hupangwa kwenye kikao cha bajeti, na huko ndiko kwa kukipinga.

Anza kwa kuomba nakala ya kumbukumbu za nyumba yako katika ofisi ya uthamini. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Soma kila mstari: namba ya kiwanja, ukubwa wa ardhi, eneo la jengo kwa mita za mraba, idadi ya ghorofa na vyoo, mwaka wa kujengwa, aina ya paa, hali ya jengo, matumizi. Tarakimu mbili zikipishana, mita 104 ikaandikwa 140, jengo linahesabiwa kuwa kubwa kuliko lilivyo kwa zaidi ya theluthi. Banda lililobomolewa zamani linaweza kuendelea kutozwa. Chumba cha kupangisha kilichokwisha fungwa kinaweza kuifanya nyumba nzima ihesabiwe kuwa ya biashara, na kiwango cha biashara mara nyingi ni kikubwa zaidi. Makosa ya namna hii huthibitishwa kwa ramani iliyoidhinishwa, vipimo na picha zenye tarehe.

Kama kumbukumbu ni sahihi na bado unaona thamani imezidi, tafuta nyumba tatu hadi tano zinazofanana na yako kwa eneo, umri na mahali, zilizouzwa karibu na tarehe ya uthamini. Bei inayotangazwa na muuzaji haina nguvu. Leta bei iliyolipwa. Linganisha pia thamani za majirani katika daftari, kwa kila mita ya mraba. Nyufa za msingi au maji yanayoingia ndani hushusha thamani; yathibitishe kwa makadirio ya fundi yaliyoandikwa.

Tarehe ya mwisho iko kwenye notisi ya uthamini. Aghalabu notisi hiyo hutangulia bili, kwa hiyo anayeanza kushtuka baada ya kuona bili huenda amekwisha chelewa. Peleka nakala mbili, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye moja.

Swali: Nisilipe hadi pingamizi liamuliwe?

Jibu: Lipa, isipokuwa uwe umepewa ruhusa ya maandishi. Riba ya kuchelewa kulipa, tuseme ya asilimia 1.5 kwa mwezi, ni asilimia 18 kwa mwaka. Ukishinda, ziada hurudishwa au huhesabiwa katika bili ijayo.

Swali: Jirani analipa karibu nusu yangu na nyumba zetu ni pacha. Je, ni upendeleo?

Jibu: Huenda amepata punguzo: la wazee, la watu wenye ulemavu, au la mwenye nyumba anayeishi humo. Mapunguzo haya kwa kawaida hayaji yenyewe, huombwa kwa fomu na vielelezo. Pia hufuata mtu, hivyo nyumba ikiuzwa, ikirithiwa au ikipangishwa, hukoma.

Swali: Nanunua nyumba iliyokwisha kaliwa. Nichunguze nini?

Jibu: Deni la kodi hii mara nyingi hukaa kwenye nyumba, likamfuata mmiliki mpya. Kabla ya kulipa, dai hati ya manispaa inayothibitisha kwamba nyumba haidaiwi, na uhakikishe namba ya kiwanja ni ileile iliyo kwenye hati miliki. Kodi ya mwaka huu mgawane na muuzaji kwa siku: kodi ya 292,000 ni 800 kwa siku, basi akiondoka baada ya siku 90 analipa 72,000 nawe 220,000. Kisha badilisha jina na anwani katika daftari mara moja. Bili ikiendelea kwenda kwa mmiliki wa zamani, riba itahesabiwa vilevile.