Mzee anauza Stratocaster yake ya mwaka 78, nichukue au niache?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mi msomaji wako wa huku Tanga, napiga rithim toka niko sekondari na sahivi nna magitaa manne ukutani. Moja ni Stratocaster ya Squier (jina la pili la Fender) ya Japani ile yenye namba inayoanza na JV, niliikuta kwa mtu miaka mingi iliyopita hata yeye hajui ana nini. Ingine Ibanez, ingine kopi ya Les Paul ambayo kwakweli siigusi, na la mwisho gitaa kavu la kupigia nyumbani.

Sasa kuna mzee hapa mtaani alikua anapiga solo kwenye bendi za dansi, vidole vimeanza kumgomea anataka kuuza Fender Stratocaster yake. Kichwani namba inaanza na S8, bodi imeachwa rangi ya mbao, shingo nyeupe ya mti wa mepo, nyuma ya shingo skrubu ni tatu. Anasema milioni 5. Hela ninayo, nimeiweka taratibu muda mrefu, lakini nasoma mitandaoni watu wanasema Fender za miaka ya 70 ni mbovu, nzito kama jiwe, usiguse. Kaka angu anasema nunua tu vitu vya zamani vinapanda bei. Mama watoto kaniuliza la tano la nini na nimekosa jibu la kumpa. Nifanyeje?
Mpiga rithim, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na swali la mama watoto ndo swali lenyewe, ntalirudia huko mbele. Tuanze na haya maneno ya "Fender za miaka ya 70 mbovu" maana yamewanyima watu magitaa mazuri na yamewauzia wengine magitaa mabaya.

Stratocaster ilitoka 1954 kule Fullerton, California. Januari 1965 Leo Fender, mwanzilishi, akaiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13, na kuanzia hapo wapenzi wa magitaa wakagawa historia vipande viwili, kabla ya CBS na baada ya CBS, cha kabla dhahabu na cha baada takataka. Ukweli haujakaa hivyo. Ile Stratocaster nyeupe aliyopiga Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 ilitengenezwa 1968, CBS wana miaka mitatu ndani ya ile kampuni. Kilichotokea ni kwamba uzalishaji uliongezeka sana na ukaguzi ukalegea, kwahiyo magitaa mawili ya mwaka mmoja yanaweza yakatofautiana kama usiku na mchana. Maana yake we hununui mwaka 1978, unanunua hili gitaa moja lililoko nyumbani kwa mzee, na hili moja inabidi ulishike, ulipime, ulifungue.

Pa kuanzia ni hizo skrubu tatu. Mwishoni mwa 1971 Fender waliacha skrubu nne nyuma ya shingo wakaweka tatu, na kinachoshika shingo ikiwa skrubu tatu sio idadi ya skrubu, ni lile shimo la kwenye bodi linalopokea shingo, na miaka ile mashimo mengi yalichongwa mapana kuliko shingo yenyewe. Fanya hivi, shika bodi kwa mkono mmoja na shingo kwa mkono mwingine, sukuma shingo pembeni kidogo bila nguvu nyingi, kama inacheza utaona uzi wa kwanza au wa sita unasogea kuelekea ukingoni. Gitaa la namna hiyo ukipiga kwa hisia uzi unateleza unatoka nje ya freti, vile vyuma vya kwenye shingo, katikati ya wimbo. Kuna mafundi wanaziba pengo kwa ubao mwembamba na linatulia kabisa, ila hiyo lazima iingie kwenye bei. Kama haichezi hata kidogo basi achana na habari za skrubu tatu, unayo nzuri.

Alafu uzito. Zile zilizoachwa rangi ya mbao bodi yake ni mti wa ashi na miaka ile walitumia ashi nzito, Stratocaster ya kawaida ina kilo 3 na nusu hivi lakini za kipindi kile zipo zinazopita 4 na nusu. Usikisie. Nenda sokoni kwa muuza samaki muombe akuazime ile mizani ya kuning'iniza, weka mkanda wa gitaa kwenye ndoano, soma. Mi mwenyewe ikipita 4.2 siichukui, kwa sababu nimesimama nalo gitaa zito kwenye harusi toka saa tatu usiku mpaka alfajiri na bega halikusahau wiki nzima. We mwenzangu ukipiga umekaa nyumbani unaeza ukavumilia zaidi.

Kuhusu mwaka, S ni miaka ya sabini, na ile 8 ni 1978, ila zile stika za namba zilikua zinaendelea kutumika hata mwaka ukishapita kwahiyo usiape nayo. Muombe mzee ruhusa mtoe kava la mbele pamoja, yeye akiwepo, uangalie mgongo wa zile poti (vidude vya kuzungusha) za voliumu na toni, kuna namba imegongwa. Ikianza na 137 ni za kampuni ya CTS, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki, yani 1377832 ni wiki ya 32 ya mwaka 1978. Angalia na risasi ya kuunganishia waya kama inang'aa mpya au imefifia ya zamani. Swichi ya pikapu, vile vinavyonasa sauti ya nyuzi, toka 1977 kiwandani ilikua ya hatua tano, zamani zilikua tatu na wapigaji walikua wanaikwamisha katikati kwa ujanja wapate ile sauti ya pikapu mbili pamoja, ile nyembamba tamu ambayo kwenye dansi tunaipenda kwa solo ya pili.

Freti sasa. Huyu mzee kapiga usiku kwa usiku miaka mingi, tegemea freti za juu karibu na kichwa zimechimbika. Kwenye shingo ya mepo kubadilisha freti ni kazi kubwa kuliko kwenye rosewudi, maana ule uso wa mepo umepakwa vanishi na ukitoa freti vanishi inabanduka, inabidi ipakwe upya. Tafuta fundi aliyewahi kufanya mepo, usimpe mtu ajifunzie kwako. Na brigi, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi, kuanzia mwanzo wa miaka ya 70 vile vipande vinavyobeba nyuzi na lile bonge la chini vilikua vya kumiminwa kwa madini laini sio chuma cha zamani, na Tanga kwetu hewa ya bahari inakula vitu hivyo, skrubu ndogo zinagandia. Usizilazimishe kwa nguvu. Weka tone la mafuta mepesi, lala nalo, kesho yake jaribu. Na ukishakua nalo usilitundike kwenye ukuta wa nje unaopiga unyevu, tundika ukuta wa ndani, na ukimaliza kupiga futa nyuzi na brigi kwa kitambaa kikavu kila siku bila kukosa.

Kitu kimoja nakusihi, usilipake rangi. Hata likiwa limechubuka, limeungua sigara kichwani, liache. Gitaa la zamani likipakwa rangi upya wauzaji wanakata karibu nusu ya thamani yake, na zaidi ya hela unakua umefuta mkono wa mzee.

Sasa la kaka ako. Kusema vitu vya zamani vinapanda bei ni kweli kwa baadhi, Stratocaster za 1954 mpaka 1964 zina bei ya kununulia nyumba, hizi za mwisho wa miaka ya 70 zilitengenezwa nyingi mno na wanaozitafuta wanataka kila kitu kiwe cha asili. Kama unanunua ili uuze, hela yako peleka kwenye kiwanja.

Na hapa niseme wazi kitu ambacho labda hukitegemei. Kwa sauti peke yake hulihitaji hili gitaa. Ile JV yako ni ya 1982 mpaka 1984, ilitengenezwa na kiwanda cha FujiGen pale Matsumoto Fender walipoanza kazi Japani, wakaiga Stratocaster za 1957 na 1962 kwa umakini ambao kiwanda chenyewe cha Marekani wakati ule hakikua nao. Nimekutana na wapigaji wazuri tu wanaoichagua JV mbele ya Fender yoyote ya 1978. Kwahiyo ukimwambia mama watoto "nataka sauti ya Stratocaster" atakuonyesha kidole ukutani na atakua sahihi.

Jibu la kweli la kumpa ni mzee. Hili gitaa lilikua jukwaani kwenye muziki wetu, mikono yake imo mle, na mambo yetu ya dansi tumeyaacha yapotee, bendi ngapi zimekufa vyombo vikauzwa vipande vipande hakuna anayejua kipi kilikua cha nani. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979 na leo kijana anajua nyimbo zake lakini muulize kuhusu vyombo walivyopigia Morogoro Jazz akuangalie tu. Ukilichukua hili chukua na habari zake. Kaa na mzee hata jioni tatu, rekodi kwa simu, alilipata wapi, alilipa nini, nyimbo zipi alizipigia, solo ile aliikamata freti ya ngapi, piga picha yeye amelishika, andika uweke ndani ya kesi, lile sanduku la gitaa. Hapo mkusanyiko wako unakua mkusanyiko, bila hivyo ni magitaa matano ukutani.

Kabla ya yote muulize kwa adabu kama hana mtoto au mjukuu anayepiga. Kuna wazee wanauza kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kama yupo mjukuu anayelitamani basi rudi nyuma, msaidie huyo kijana nyuzi mpya na uwe unamfundisha.

Kama hayupo, na shingo haichezi, na mizani imekubali, na ndani ni asili, chukua. Uza ile kopi ya Les Paul usiyoigusa ibebe gharama ya freti, hivyo ukutani yanabaki manne na nyumbani amani inabaki. Na kwenye bei usimkamue mzee. Ukikuta kasoro mwonyeshe kasoro na gharama ya fundi, mkae mkubaliane kama watu wa mtaa mmoja.

SWALI

Fundi habari ya siku. Nipo Muscat, kwetu Mombasa. Kuna mtu Marekani anauza gitaa la Gibson ES-335 ya mwanzo wa miaka ya 60, ubao wa vidole ni rosewudi ya Brazili. Nataka kulinunua kama akiba, liingie kabatini kwenye kesi nikistaafu nirudi nalo nyumbani. Muuzaji anasema kwenye karatasi ataandika "mbao" tu ili lisisumbuliwe. Ni sawa?
Mtoto wa Mji wa Kale

JIBU

Sio sawa hata kidogo ndugu yangu na nakuomba ulisimamishe leo. Rosewudi ya Brazili iko kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES, ule wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, toka 1992. Watu wanachanganya kwa sababu 2017 rosewudi zote ziliwekewa masharti, hata mpingo wetu ulioko ukoo huohuo ukaingia, alafu 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikaachiwa, ila huo unafuu haukuigusa ya Brazili. Muuzaji inabidi apate kibali cha kutoa Marekani kinachoonyesha mbao ilikatwa kabla ya masharti, na wewe uulize Oman kama wanataka kibali cha kuingiza, na siku unarudi Kenya safari ya vibali inaanza tena. Akiandika "mbao" tu na wakalifungua, gitaa linachukuliwa na hela yako imekwenda, na muuzaji anayekushauri udanganye forodha sijui kwanini umuamini akisema kichwa hakijawahi kuvunjika.

Maana na hilo lipo. ES-335 ilianza 1958, shingo yake ni mahogani na kichwa kimelala nyuma digrii 17, ukiliangusha chali linakatika palepale chini ya nati, kile kipande kinachobeba nyuzi karibu na kichwa. Gibson wenyewe katikati ya miaka ya 60 wakapunguza mpaka 14. Omba picha za nyuma ya kichwa karibu kabisa, mwanga wa pembeni, utafute mstari mwembamba kwenye vanishi.

Lakini kubwa ni hilo la kabatini. Muscat eyasii haizimwi, inakausha mbao, na gitaa lisilopigwa hakuna anayegundua linapoanza kupasuka. Kama unataka 335 ya kuzeeka nayo tafuta ya miaka ya baadaye yenye rosewudi ya India, haitakusumbua vibali, weka kesi yenye kipima unyevu, usome kati ya asilimia 45 na 55, na kila Ijumaa jioni litoe ulipige.