Samaki aitwaye taa anatema watoto akishapakiwa kwenye boti: anazaa au mimba inatoka?

SWALI: Shikamoo dokta. Navua upande wa Msangamkuu hapa Mtwara, natumia jarife, ile nyavu ya kutega, na saa zingine mshipi. Kuna kitu kinanichanganya, nikimpakia taa jike haichukui muda anaanza kutema watoto, wengine wanachezacheza wengine wametulia tu. Wazee ninaovua nao wanasema huyo alikua ashafika siku zake, anazaa. Ni kweli? Na nikiwarudisha majini hao watoto wataishi au nawalisha papa tu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wazee wako nawaheshimu na kwa upepo na maji hawana mpinzani, ila kwenye hili hapana. Mara nyingi hapo hazai, mimba inatoka kwa mshtuko. Sio taa wa Mtwara peke yao, mwaka 2018 watafiti walikusanya taarifa za dunia nzima wakakuta papa na taa wa aina zisizopungua 88 wanafanya hivohivo wakikamatwa.

Taa tunaowapata huku hawatagi, wanazaa watoto hai, ila mtoto hajaunganishwa na mama kwa kitovu kama ilivyo kwa mbuzi au binadamu. Mwanzoni anakula kiini cha yai lake, kikianza kwisha ukuta wa mfuko wa uzazi unatoa vinyuzi vidogo vyenye maziwa mazito na ndo yanamkuza. Kwa iyo ukiona uteute wa rangi ya krimu unatoka pamoja na watoto, ujue ndo hayo maziwa, sio usaha wala ugonjwa. Sasa mtoto asiyeshikwa na kitu humo ndani, mama kapigana na nyavu usiku mzima, afu ananyanyuliwa nje ya maji ambako uzito wake wote unakandamiza tumbo maana hana mifupa ni gegedu tupu, watoto wanateleza wanatoka. Na hata ukimwachia akaondoka anaogelea vizuri anaweza kuwatema baadaye huko mbele, wewe hutaona.

Kuhusu kuishi, inategemea wamefikia wapi. Mshike mtoto mkono ukiwa umelowa mwangalie tumboni. Kama bado ana kifuko cha kiini kinaning'inia, ngozi nyepesi unaona mpaka ndani, huyo hana maisha hata ungemrudisha sekunde hiyohiyo. Kama kifuko kimeisha, ngozi ina rangi kama ya mama yake, anatoka mabawa yamejikunja kama chapati afu anayakunjua mwenyewe, huyo kakaribia au kafika kabisa. Na mwiba anao tayari, ila umefunikwa na ngozi laini ndo maana haumchomi mama yake humo ndani, usije ukajaribu kwa kidole lakini! Huyo mrudishe, na usimtupe toka juu ya boti, mshushe taratibu, ikiwezekana kwenye maji mafupi ya mchanga au karibu na mikoko maana taa wadogo wa aina nyingi ndo wanakulia huko. Kitu ambacho siwezi kukuahidi ni kwamba atafika ukubwani. Aliyezaliwa kabla ya siku zake anaanza maisha akiwa na deni.

Ndo maana mimi nasema kumrudisha mtoto afu mama anaenda mnadani ni kujifariji tu, mwenye thamani pale ni mama. Changu anamwaga mayai kwa malaki, ukimvua mmoja bahari haishtuki sana. Taa mwenye madoa ya bluu hazidishi watoto saba, pungu wa madoa, yule taa mwenye mabawa kama ya ndege, ni mmoja mpaka wanne na mimba yake inakaribia mwaka, na wale taa wakubwa wanaoitwa manta kwa kawaida ni mtoto mmoja tu. Tathmini ya IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa mazingira, iliyotoka 2021 iliweka karibu asilimia 41 ya taa wa dunia kwenye hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Najua nawe una watoto wa kulisha, na taa mkavu kwenye mchuzi wa nazi sijawahi kumkataa, kwa iyo sikwambii uache kuvua taa. Nakwambia huyo mwenye tumbo limetuna mgongoni kote upande wa nyuma, na hana vile vijiti viwili vya dume kwenye shina la mkia, mwache akiwa bado majini kabla hujampakia.

Namna ya kumwachia nayo ina utaalamu wake. Wengi wanamtia ndoano kwenye matundu mawili nyuma ya macho wanamvuta, pale ndo anapoingizia maji ya kupumulia akijifukia mchangani, ukipachana umemuua taratibu. Mkia nao usimning'inizie na usiukate, kata uzi wa nyavu, uzi unanunulika. Kama kameza ndoano mbali kata mshipi karibu na mdomo umwachie nayo. Jarife ukiweza likague mapema badala ya kulilaza mpaka alfajiri, aliyekaa masaa mengi kwenye nyavu hata akiondoka nguvu hana. Na ukiona sehemu fulani, tuseme mdomoni mwa mto au kwenye mikoko, msimu fulani kila jike ana mimba, waambieni BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, mpumzishe hapo kwa muda, inasaidia kuliko kuokoa watoto mmojammoja.

Akikuchoma mwiba tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, saa moja hivi, sumu yake inaharibika kwa joto, jaribu kwanza kwa mguu ule usioumia usije ukajibabua. Afu nenda kituo cha afya ukasafishwe na kuchomwa ya pepopunda. Ukichomwa kifuani au tumboni mwiba usiung'oe mwenyewe, wahi hospitali nao.

Wakitokea tena nipigie picha ya mama, mgongo na tumbo, na mtoto mmoja pembeni ya kiberiti nijue ukubwa, na uniandikie ilikua mwezi gani na bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo). Hapo ntaweza kukwambia ni aina gani.