Namba ya chasisi na ya kibati kutofanana kwenye Land Cruiser FJ45

Ndugu, kwa kuwa pikapu hiyo ya FJ45 ina namba moja kwenye chasisi na nyingine kwenye kibati cha ndani ya boneti, na kadi ya gari inafuata kibati, nakushauri usilipe fedha zilizobaki hadi namba ya chasisi ithibitishwe. Kibati kimefungwa kwa ripiti tu, kwa hiyo huhama pamoja na bodi. Namba ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, ndiyo ya kutegemewa.

Namba hiyo imegongwa kwenye reli ya kulia ya chasisi (mhimili mrefu wa chuma), upande wa mbele. Isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usitumie grenda kamwe, kisha weka karatasi juu yake na uipitishie penseli ili tarakimu zijitokeze. Zikiwa zimepinda, zimetofautiana kina, au chuma kilichozizunguka kimekwanguliwa au kuchomelewa, achana na gari hilo.

Zikiwa safi, huenda bodi ilihamishiwa chasisi nyingine baada ya ile ya awali kupasuka au kuliwa na kutu, jambo la kawaida kwa magari yaliyofanya kazi za shamba. Hata hivyo, muuzaji ndiye anayepaswa kuonyesha hati za chasisi hiyo na kurekebisha kadi TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), baada ya ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, kabla ya kukukabidhi. Namba ya injini isikutishe, kwani Toyota huipa injini namba yake yenyewe, tofauti na ya chasisi. Fundi akijitolea kugonga namba upya, mkatalie: hilo ni kosa la jinai.